Na Watoto Nje ya Copenhagen: Mwongozo Kamili wa Safari za Siku Moja

Ndugu wakija Copenhagen kututembelea, siku mbili za mwanzo huwa hazisumbui. Siku ya kwanza wanakwenda kuiona ile sanamu ya nguva aliyekaa juu ya jiwe, wanashangaa kumbe ni mdogo hivyo. Siku ya pili ni Tivoli, bustani ya burudani ya mjini. Siku ya tatu watoto wameshavaa viatu, wako mlangoni, wanauliza: leo wapi?

Mwongozo huu unaanzia hiyo siku ya tatu. Nimekosea mengi katika safari hizi, na makosa karibu yote yalikuwa na mzizi mmoja: nilitaka kubana mahali patatu ndani ya siku moja. Sasa nina utaratibu wangu. Sichagui mahali kwanza, nachagua njia ya treni. Katika njia hiyo nachagua kituo kimoja cha kwenda na kingine cha akiba, iwapo mvua itanyesha au mtoto atagoma. Basi.

Hatua ya kwanza: muulize mdogo kuliko wote

Simaanishi umuulize kwa mdomo. Tazama umri wake, maana yeye ndiye atakayeamua siku inaisha saa ngapi. Ukiwa na wa miaka miwili na wa miaka kumi, panga kwa wa miaka miwili. Wa kumi atajipatia la kufanya.

Mtoto wa kubebwa au wa kigari anafaa Dyrehaven, msitu wa paa, kwa kuwa njia ni pana na hakuna ngazi. Wa miaka minne hadi saba mpeleke kwenye majitu ya mbao, sanamu zilizofichwa vitongojini, au Louisiana, makumbusho ya sanaa. Kuanzia minane hivi ndipo ngome ya Kronborg na meli za Waviking za Roskilde zinapoanza kumwingia. Nimewahi kumwingiza wa miaka mitatu kwenye mahandaki ya Kronborg. Alilia mpaka walinzi wakanionea huruma.

Kisha tazama kalenda. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, una siku nzima ya kuchezea. Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo ukitoka nyumbani saa sita mchana umekwenda kutazama giza. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu, hasa nje ya kiangazi. Likizo ya shule ya Oktoba, ambayo Wadenmark huiita wiki ya 42, ni nzuri kwa kuwa makumbusho huweka shughuli za watoto, ila ujue nusu ya nchi nayo iko likizo.

Hatua ya pili: tiketi, na kosa ambalo kila mgeni hulifanya

Weka programu mbili kwenye simu. Ya kwanza ni Rejseplanen, inayokuonyesha treni ipi, saa ngapi, na kama njia imefungwa. Jifunze neno moja tu la Kidenmark, *sporarbejde*, yaani matengenezo ya reli. Hupenda kufanyika wikiendi, na ukiliona ujue kuna kipande utapanda basi badala ya treni. Mwenye kigari na mifuko mitatu anahitaji kulijua hilo usiku uliotangulia, asingoje kulisikia akiwa kituoni.

Ya pili ni ya tiketi. Mtu mzima mwenye tiketi anaruhusiwa kuchukua watoto wawili walio chini ya miaka 12 bure, na hapo ndipo safari hizi zinapokuwa nafuu. Ukitumia programu ya Rejsekort, unatelezesha kidole kuanza safari na unatelezesha tena ukishuka. Hiyo ya pili ndiyo watu huisahau. Mimi niliwahi kushuka Klampenborg, kituo cha Dyrehaven, nikatembea msituni saa tatu nzima huku simu ikidhani bado niko safarini. Kwa mgeni wa siku chache ni rahisi zaidi kununua City Pass Large, tiketi ya usafiri ambayo inakufikisha mpaka miji ya Helsingør na Roskilde, au Copenhagen Card, ambayo inaongeza na viingilio. Kabla hujainunua hiyo kadi piga hesabu: Kronborg, Louisiana na makumbusho ya meli ya Roskilde hayatozi walio chini ya miaka 18, kwa hiyo kadi ni kwa ajili ya wakubwa tu.

Usifike kituoni bila tiketi ukitumaini kununua ndani ya treni. Wakaguzi wapo, na faini yao ni kubwa kuliko chakula cha mchana cha familia.

Hatua ya tatu: mfuko

Chakula beba. Hili halina aibu hapa. Wadenmark wenyewe huenda popote na kifurushi chao cha mkate mweusi, wanakiita *madpakke*, na utawaona wamekaa kwenye majani wanakula bila haraka. Sisi tunabeba chapati zilizokunjwa na mayai, katlesi, tango lililokatwa vijiti, na chupa ya chai ya maziwa. Mtoto aliyepigwa na upepo wa bahari anahitaji kitu cha moto, na kikombe kimoja cha chai hiyo kimeniokoa mara nyingi. Maji ya bomba ni salama, jazeni chupa nyumbani.

Kwa wasiokula nguruwe: soseji za vibandani kwa kawaida ni za nguruwe, na *leverpostej*, ile maini ya kupaka kwenye mkate, ni maini ya nguruwe. Sema *uden svinekød*, bila nyama ya nguruwe, watakuelewa.

Nguo ni mafungu. Fulana, sweta, na juu kabisa kitu kisichopitisha upepo wala maji. Jua la Aprili linadanganya. Linawaka, lakini upepo unaokuja kutoka baharini una meno. Kwa majira ya baridi watoto huvaa *flyverdragt*, ovaroli nene la kufunika mwili mzima. Jipya ni ghali. Nenda kwenye maduka ya mitumba, yanaitwa *genbrug*, utalipata kwa bei ya kucheka. Ongeza jozi moja ya soksi kwa kila mtoto kuliko unavyodhani zinatosha. Na tochi ndogo. Utaona kwa nini.

Siku yenyewe: Helsingør, hatua kwa hatua

Nianze na hii kwa urefu, maana kama una siku moja tu, ningekupeleka huku.

Njia ni Kystbanen, reli ya pwani, iliyofunguliwa 1897. Kutoka kituo kikuu mpaka mwisho wa reli, Helsingør, ni kama dakika 45. Panda ya saa tatu au saa tatu na nusu asubuhi. Kaeni upande wa kulia mkielekea kaskazini, bahari iko huko. Mkiona kibandiko kimeandikwa *Stillezone*, hamieni behewa jingine. Ni sehemu ya wanaotaka kimya, na watoto wetu hawajazaliwa kwa ajili hiyo.

Ukitoka kituoni unaiona Kronborg ng'ambo ya bandari, na minara yake ya shaba iliyogeuka kijani. Ni mwendo wa dakika kumi na tano, ishirini ukiwa na anayeokota mawe. Mfalme Frederik wa Pili aliijenga kati ya 1574 na 1585 kwa fedha ya ushuru. Hapa mlango wa bahari wa Øresund ni mwembamba, kilomita nne tu mpaka Uswidi, na kwa zaidi ya miaka 400, mpaka 1857, kila meli iliyopita ililazimika kumlipa mfalme. Wanangu niliwaeleza hivi: ni kama Fort Jesus ya Mombasa. Anayeshika mlango wa maji ndiye anayekusanya. Na ngome hizi ni za rika moja. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus 1593, miaka minane baada ya Kronborg kukamilika. Tangu hapo wakubwa wao hawakusema tena kwamba ni "nyumba ya zamani tu".

Msianze na vyumba vya juu. Anzeni chini, kwenye mahandaki, kabla watoto hawajachoka na kabla makundi ya watalii hayajafika. Kigari kiacheni juu. Sakafu ni ya mabonde, dari ni fupi, na kuna vipande vya giza halisi. Hapo ndipo tochi yako inakuwa mfalme. Kwenye kona mojawapo amekaa Holger Danske, sanamu kubwa ya shujaa aliyelala, mikono kifuani, ndevu zimeshuka mpaka mapajani. Hadithi inasema atakaa hivyo mpaka Denmark ipatwe na hatari, ndipo ataamka. Mwanangu wa pili alimsogelea, akamnong'oneza, "Shikamoo." Kisha akanigeukia: "Hajaitikia."

Ukumbi wa dansi wa juu una urefu wa mita 62. Wape kazi ya kuuhesabu kwa hatua, kila mmoja na idadi yake. Kiangazi kuna waigizaji wanaozunguka vyumbani wakicheza vipande vya Hamlet, kwa kuwa Shakespeare aliiweka tamthilia yake hapa. Watoto hawataelewa maneno, lakini panga zinaeleweka kwa lugha yoyote. Saa moja na nusu ndani inatosha. Tokeni nje mkale kwenye maboma, karibu na mizinga inayotazama Uswidi. Maboma ni bure hata kwa asiyelipa kiingilio.

Baada ya chakula rudini bandarini. Kwenye ncha ya gati amekaa kijana wa chuma king'avu anayeitwa Han, ndugu wa kiume wa yule nguva wa mjini. Ametengenezwa afumbe macho mara moja kwa saa, kufumba na kufumbua. Tulikaa pale tumemtumbulia macho kwa dakika arobaini, mwanangu mkubwa akagoma hata kula biskuti asije akapitwa. Upepo ukavuma, akapikicha jicho. Wa pili akaruka: "Amefumba!" Mpaka leo ni ugomvi, mmoja haamini.

Mvua ikianza, hapo hapo bandarini kuna Kulturværftet, karakana ya zamani ya meli iliyogeuzwa maktaba. Kuingia ni bure, kuna sehemu ya watoto, vyoo safi na joto. Mbele yake, chini ya ardhi, kwenye gati kavu la zamani, kuna makumbusho ya usafiri wa baharini yaliyofunguliwa 2013. Ni mazuri sana, lakini yawekee siku nyingine. Saa tisa alasiri geuzeni.

Vituo vya njiani kwenye reli hiyo hiyo

Humlebæk ndiko iliko Louisiana, makumbusho ya sanaa yaliyofunguliwa 1958. Jina halina uhusiano na Marekani: mwenye nyumba wa kwanza alioa wanawake watatu kwa zamu, wote wakiitwa Louise. Wazazi wengi wa kwetu huniambia watoto na sanaa wapi na wapi. Nawaambia wasiingie kwenye picha. Waende moja kwa moja kwenye bawa la watoto, ghorofa tatu za rangi, udongo na karatasi, na watu wa kuwaelekeza. Halafu bustani inayoteremka mpaka baharini. Ndani waonyesheni kitu kimoja tu, chumba cha Yayoi Kusama, kilichojaa vioo na taa ndogo zinazoning'inia, ambamo mtoto anajiona yuko katikati ya nyota. Kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa hufunga saa nne usiku, na Jumatatu hakufunguliwi.

Rungsted Kyst ni kwa wakubwa zaidi, ila kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki kuna neno. Ndipo alipozaliwa na kufia Karen Blixen, mwandishi aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong kuanzia 1914 mpaka 1931. Nyumba yake ya Nairobi ni makumbusho, na hii ya huku nayo ni makumbusho, yenye vitu alivyorudi navyo kutoka Kenya. Kuhusu maisha ya wakulima wakubwa wa kikoloni nina maneno yangu, na nilimwambia binti wa dada yangu alipokuja na shule. Watoto wadogo wapitisheni nje tu: bustani ni hifadhi ya ndege, haina kiingilio, na kaburi lake liko chini ya mti mkubwa, jiwe la kulala lenye jina tu.

Roskilde

Magharibi, treni ya dakika 25 hivi. Mwaka 1962 zilichimbuliwa kwenye ghuba hapa meli tano za Waviking, zilizozamishwa makusudi mnamo 1070 ili kuziba njia maadui wasifike mjini. Kubwa kati yake, ndefu kama mita 30, ilijengwa huko Dublin. Kabla ya kwenda soma tovuti ya makumbusho uone kipi kiko wazi, maana wana mipango ya ujenzi mpya. Lakini kwangu utamu uko nje: mafundi wanachonga mbao kwa shoka palepale, na kiangazi unaweza kupanda mashua ya namna hiyo ukavuta kasia mwenyewe. Mtu aliyekulia kwenye ngalawa na majahazi atasimama pale muda mrefu akilinganisha kamba na tanga.

Njiani kuteremka kutoka kituoni pitieni kanisa kuu, la matofali mekundu, walikozikwa wafalme na malkia wa Denmark. Kwa watoto kuna vitu viwili. Kimoja ni saa ya ukutani: kila saa kamili mtakatifu George juu ya farasi anamshambulia joka, na joka linapiga kelele. Kingine ni nguzo yenye alama za vimo vya wafalme waliopita hapo. Alama ya Christian wa Kwanza iko kwenye kimo cha mita 2.19, na kila mtoto anataka kusimama chini yake. Jumapili asubuhi kuna ibada, nendeni mchana.

Dyrehaven na Bakken

Ya bei rahisi kuliko zote. Treni ya S, ile ya mjini na vitongojini, mpaka Klampenborg, dakika kama ishirini, ukivuka barabara uko kwenye lango jekundu. Zaidi ya paa na kulungu 2,000 wanatembea huru humo ndani, hakuna kiingilio na magari hayaruhusiwi. Nje ya kituo hukaa magari ya farasi. Ulizeni bei kabla hamjapanda. Kasri dogo la Eremitage, juu ya tambarare, liko kama kilomita tatu, saa moja kwa miguu ya mtoto. Septemba na Oktoba madume hunguruma na kugombana. Kaeni mbali, wala msiwape chakula wakati wowote.

Msituni humo kuna Bakken, bustani ya burudani iliyoanza 1583, kongwe kuliko zote duniani. Kuingia ni bure, unalipia kila mchezo, na hapo ndipo mfuko hutoboka. Mimi huwapa watoto fedha yao ya *pant*. Chupa na makopo ya vinywaji hapa yana amana, krona moja mpaka tatu kila moja, unazirudisha kwenye mashine ya dukani. Wanakusanya mwezi mzima, na wakifika Bakken ni fedha yao. Zikiisha zimeisha, hakuna wa kuniomba.

Jioni, kagueni kupe. Nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, mstari wa nywele. Ukimkuta mng'oe kwa kibanio, umshike karibu na ngozi, kisha tazama sehemu hiyo kwa wiki kadhaa. Ikitokea duara jekundu linalopanuka, piga simu kwa daktari.

Majitu ya mbao

Mwaka 2016 msanii Thomas Dambo alificha majitu sita yaliyojengwa kwa mbao chakavu katika vitongoji vya magharibi mwa jiji. Huyu amelala Rødovre na mdomo wazi wa kuingilia, yule amekaa chini ya daraja Ishøj. Msijaribu yote sita kwa siku moja, ni mbali na mabasi ni mengi. Mawili yanatosha, na ramani muachieni mtoto mkubwa aishike. Ni mbao za nje, hivyo hakikisheni kwanza kwamba mliyoyachagua bado yamesimama.

Kuvuka daraja kwenda Malmö

Treni inavuka daraja la Øresund, lililofunguliwa Julai 2000, na kwa kama dakika arobaini mko Uswidi. Shukeni Triangeln, tembeeni mpaka Folkets Park, bustani yenye uwanja mkubwa wa watoto. Tiketi ya kuvuka ni ya peke yake, Copenhagen Card haivuki.

Cha kukumbuka ni pasipoti. Viza ya Schengen inaruhusu kuvuka, na mwenye kibali cha ukaazi pia anaruhusiwa, lakini kila asiye raia wa nchi hizi abebe pasipoti yake mkononi, watoto nao. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga, treni ilikuwa imefika kituo cha uwanja wa ndege, cha mwisho kabla ya daraja, nilipokumbuka kwamba pasipoti yake iko kwenye droo ya jikoni, nimeihifadhi isipotee. Tukashuka haraka. Kituo cha akiba kikatuokoa: metro ya M2, kituo kimoja tu, Kastrup, ndipo ilipo Den Blå Planet, nyumba kubwa ya samaki. Kiingilio chake kilinitoa machozi, kwa hiyo tukaishia pwani ya Amager Strand jirani yake, bila kiingilio, ndege zikishuka juu ya vichwa vyetu. Bibi akafunga kanga kiunoni juu ya koti, akatia mguu majini. Akautoa. "Haya maji," akasema, "yametoka kwenye friji."

Kurudi

Ondokeni mapema kuliko mnavyotaka, saa tisa na nusu au saa kumi, kabla behewa halijajaa watu wanaotoka kazini. Acheni kitu kimoja cha kula ambacho hamjakitaja mchana kutwa, kikitolewa ndani ya treni hakuna atakayelia kwa dakika ishirini. Baada ya hapo watalala. Na kituo chenu kikikaribia, simu itoeni mfukoni kabla hamjampakata mtu, na mkishuka tu telezesheni kidole kufunga safari, maana mikono ikishajaa watoto hamtakumbuka.